Taa Ikizimika

Trekta la marehemu Mwepu lililazwa kila jioni
begani mwa kichuguu,
pua chini, jiwe mbele ya gurudumu,
miaka tisa.
Asubuhi mtu aliondoa jiwe, akaruka kando,
chuma kikateremka chenyewe kikikohoa
mpaka injini ishike.
Huko Kafubu kichuguu kile walikiita Stata.

Mjane wake, Mama Kaumba, akanifuata Katuba,
kwenye gereji yangu isiyo na paa upande mmoja.
"Kichuguu kimechoka," akasema. "Mvua imekila.
Nitafutie stata nyingine."

Nikaenda na Numbi, mwanagenzi wangu,
na altaneta ya gari dogo la Kijapani
lililofia barabara ya Kipushi, chini ya lori la madini.
Tukafungua dainamo la zamani,
zito kama mtoto aliyelala,
brashi zimelika, nyigu wamejenga ndani
vyumba vitatu vya udongo mwekundu.
Kikasha cha relei nilikifunga kwenye gazeti.
Kilifanya kazi kabla sijazaliwa.

Kisha waya.
Niliununua soko la Kenya (mtaa wetu, si ile nchi),
roli yenye maandishi ya Kichina,
dola kumi na mbili, hakunipunguzia hata moja.
Nikauchuna kwa meno, shaba ikachungulia.
Labda ilitoka hapahapa, chini ya miguu yetu,
ikapanda lori, ikapanda meli, ikavishwa plastiki,
ikarudi nyumbani kama mgeni
na sisi tukailipia nauli.
Numbi akacheka. Nami nikacheka.
Mdomo ulikuwa umejaa plastiki.

Trekta lile lilizaliwa na desturi yake:
chanya mwilini, hasi njiani.
Altaneta haitaki. Ukikosea, diodi zinakufa
kabla hujameza mate.
Nikageuza betri, nikabadilisha nyaya za amita,
nikaandika kwa chaki ndani ya boneti
HASI NI MWILI
kwa ajili ya fundi atakayekuja nikiwa sipo.
"Sasa halitakwenda kinyumenyume?" akauliza Mama Kaumba.
Hapana, mama. Stata haina dini.
Igeuzie umeme, itazunguka kulekule.

Waya mnene, altaneta hadi betri.
Waya mwembamba, kupitia kitaa, hadi swichi.
Numbi akakiruka kitaa.
"Hicho ni pambo," akasema,
akauacha waya mwembamba ukining'inia.
Tukaondoa jiwe. Injini ikashika,
mkanda ukalia, altaneta ikazunguka vizuri sana,
na sindano ya amita ikalala kwenye sifuri
kama mtu aliyeshiba bukari.

Sikumgombeza.
Nilitoa mfukoni balbu ya pikipiki, nikaifunga.
Hii haimulikii mtu njia, nikamwambia.
Humu hupita tone moja la umeme,
linakwenda kuamsha sumaku iliyolala.
Nguvu zote zile haziwezi kujianzisha,
lazima zikope kwanza, kidogo tu,
kwa kitu unachoweza kukiponda kwa vidole.

Kikawaka, chekundu, kama jicho la mtu wa zamu ya usiku.
Nikaongeza mafuta.
Kikafifia.
Kikazimika.
"Kimeungua!" akapiga kelele Numbi.
Tazama amita, wewe.
Sindano ilikuwa imesimama upande wa kulia, inatetemeka.

Mama Kaumba hakuitazama sindano.
"Kwa hiyo kikizimika," akasema polepole,
"ndiyo kusema kimepona?"
Ndiyo, mama.
Akajifunga kitenge upya, akaenda kuangalia mahindi yake.

Jumanne nilirudi kudai salio langu.
Nikalikuta trekta begani mwa kichuguu,
pua chini, jiwe mbele ya gurudumu.
Moyo ukanidondoka. Halijawaka?
"Linawaka," akasema, akinihesabia noti. "Ufunguo mara moja tu.
Ila pale ndipo linapolala."